Jeni ya TB ni ya wote, katriji ina mwenyewe

Mwaka 2024 Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA) ulinunua mahindi ya wakulima kwa Sh700 kwa kilo. Mkulima wa Songea aliyefikisha gunia la kilo 100 kwenye mzani aliondoka na Sh70,000. Kwa fedha hizo, kama ingekuwa ruhusa kwake kununua mwenyewe, angepata katriji tatu za kupimia kifua kikuu na chenji kidogo. Katriji ni kile kichupa cha plastiki ambamo makohozi ya mgonjwa, yakishachanganywa na dawa, hutiwa kabla ya kuingizwa kwenye mashine ya GeneXpert. Hutumika mara moja tu na kutupwa.

Mkulima huyo hanunui katriji. Vipimo na dawa za TB hutolewa bure katika hospitali za Serikali, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Lakini bure ya mgonjwa daima ina mlipaji wake, awe ni hazina ya taifa au mfadhili wa nje, na mlipaji huyo hununua katriji kwa muuzaji mmoja tu duniani, ambaye ni kampuni ya Cepheid ya California, Marekani. Mashine yake haipokei katriji ya mtu mwingine.

Wasomaji wa kurasa za kilimo wanaweza kuuliza mambo ya maabara yanawahusu nini. Yanawahusu kwa sababu ya kalenda. Songea mvua huanza Novemba au Desemba, palizi ni Januari na Februari, na mavuno huanza Mei. Matibabu ya TB ya kawaida ni miezi sita. Mtu anayegundulika Januari atameza dawa hadi mahindi yawe yamepukuchuliwa, na anayeendelea kukohoa bila kujua anaumwa nini hupoteza msimu mzima, tena huwaambukiza wale anaolala nao nyumba moja, ambao ndio nguvukazi ya shamba lake. Shirika la Afya Duniani (WHO) liliiweka Tanzania katika orodha ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa TB kwa kipindi cha 2021 hadi 2025. Mkoa wa Ruvuma nao una wachimbaji wa vito wa Tunduru, na vumbi la machimbo linajulikana kwa kuyadhoofisha mapafu mbele ya ugonjwa huu.

Kwa hiyo bei ya kujua kama mtu ana TB au hana ni gharama ya uzalishaji, kama ilivyo mbolea.

Darubini na mashine

Kwa zaidi ya miaka mia moja TB ilipimwa kwa darubini. Makohozi hupakwa kwenye kioo, hutiwa rangi, na mtaalamu huhesabu vimelea kwa macho. Njia hiyo ni rahisi, lakini huwapita wagonjwa wengi, hasa wenye virusi vya Ukimwi na watoto, na haiwezi kusema kama vimelea alivyoviona vimekuwa sugu kwa dawa. Ili kujua usugu ilibidi vimelea vioteshwe maabara kwa wiki kadhaa.

GeneXpert ilibadili hali hiyo. Mashine hutafuta kipande kifupi cha vinasaba vya kimelea, katika jeni iitwayo rpoB, chenye herufi 81 tu. Kipande hicho kikiwepo, mgonjwa ana TB. Herufi zake zikiwa zimebadilika, basi kuna uwezekano mkubwa kwamba rifampisini, dawa kuu ya TB, haitafanya kazi kwake. Majibu hutoka ndani ya saa mbili. WHO ilikiidhinisha kipimo hiki Desemba 2010, na Kituo cha Utafiti wa Tiba cha Mbeya kilikuwa miongoni mwa vituo vya Afrika vilivyokifanyia majaribio mapema.

Historia ya mashine yenyewe inafaa kujulikana na anayelipa bili. Cepheid ilianzishwa mwaka 1996, na teknolojia yake ilipata soko kubwa baada ya barua zenye kimeta kutumwa Marekani mwaka 2001, shirika la posta la nchi hiyo lilipoweka mitambo ya kunusa kimeta katika vituo vya kupanga barua. Kuigeuza iwe ya kupima TB kulihitaji fedha nyingi za umma na za mifuko ya hisani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulikadiria kuwa uwekezaji wa umma katika teknolojia hiyo ulizidi dola milioni 250. Hata hivyo umiliki ulibaki kwa kampuni, na mwaka 2016 kampuni kubwa zaidi ya Marekani, Danaher, iliinunua Cepheid kwa dola bilioni 4.

Mashine yenye nafasi nne iliuzwa kwa nchi maskini kwa karibu dola 17,000. Kwa kadirio la Sh2,600 kwa dola na bei ile ya NFRA, hayo ni magunia zaidi ya 600 ya mahindi. Si kidogo, ila mashine hununuliwa mara moja. Fedha ziko kwenye katriji.

Kesi iliyoshinda bila kushusha bei

Hapa ndipo suala la hataza linapoingia. Hataza ni haki ya kisheria anayopewa mvumbuzi ili kwa muda fulani, kwa kawaida miaka 20, mtu mwingine asitengeneze wala kuuza uvumbuzi wake bila ruhusa. Kwa miaka mingi ofisi ya hataza ya Marekani ilitoa haki hiyo hata kwa jeni, yaani kwa maandishi ya asili yaliyomo ndani ya kiumbe, ilimradi mwombaji ameyatenga na kuyasoma.

Mwaka 1997 hataza ya namna hiyo ilitolewa juu ya kugundua TB kwa kutumia jeni ya rpoB, na ikawa mikononi mwa Roche, kampuni kubwa ya Uswisi. Ilihusu vipande vifupi vya vinasaba vinavyotumika kuitafuta jeni hiyo, pamoja na njia yenyewe ya kuitafuta. Roche iliishtaki Cepheid ikidai kwamba kipimo chake cha TB kinaingilia haki hiyo.

Oktoba 2018 mahakama ya rufaa ya Marekani inayoshughulikia hataza iliamua dhidi ya Roche. Majaji walisema vipande vile vina mpangilio ule ule wa herufi uliomo ndani ya kimelea, na kuangalia kama kimelea kipo kwa kutazama maandishi yake ya asili si uvumbuzi. Hataza ikafutwa.

Mtu angetarajia sherehe. Kitu kilichokuwa na mdai sasa ni cha wote, kwa hiyo bei ishuke. Haikushuka. Mwaka 2012 wafadhili wakiwamo UNITAID, Serikali ya Marekani na Mfuko wa Bill na Melinda Gates walilipa ili bei ya katriji kwa nchi maskini itoke dola 16.86 na kufikia 9.98. Bei hiyo ya dola 9.98 ilikuwepo kabla ya hukumu ya 2018, ikawepo siku ya hukumu, na ikaendelea kuwepo kwa karibu miaka mitano baadaye.

Ilinganishwe na kesi nyingine iliyosikika zaidi. Kampuni ya Myriad Genetics ya Utah ilikuwa na hataza juu ya jeni za BRCA1 na BRCA2, ambazo zikiwa na hitilafu huongeza sana hatari ya saratani ya matiti na ya ovari. Kwa sababu ya hataza hizo mwanamke wa Marekani hakuweza kupimwa kwingine, na kipimo kiligharimu zaidi ya dola 3,000. Tarehe 13 Juni 2013 majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu ya Marekani waliamua kwamba jeni ya asili haiwezi kupewa hataza, ingawa vinasaba vilivyotengenezwa maabara vinaweza. Siku hiyo hiyo maabara nyingine zilijitokeza na vipimo vyao, moja ikitangaza bei ya dola 995.

Kwa nini saratani ya matiti bei ilishuka siku hiyo hiyo, na TB haikushuka? Mchumi angejibu kwamba kufuli zilikuwa mbili tofauti. Kwa Myriad, kufuli ilikuwa karatasi ya hataza peke yake. Mashine za kusomea vinasaba zilikuwa tayari katika maabara nyingi, na karatasi ilipochanwa kila mwenye mashine akaingia sokoni. Kwa TB karatasi ya jeni ilipochanwa, kufuli kubwa zaidi ilibaki pale pale. Ni umbo la katriji, dawa zilizokaushwa ndani yake, programu ya mashine na haki za kampuni juu ya vyote hivyo. Hospitali iliyokwisha kununua mashine haina pa kwenda.

Wakulima wa Songea wanalifahamu jambo hili bila kusoma hukumu yoyote. Mbegu ya mahindi ya kawaida, kama Staha au Kilima, mtu anaweza kuchagua magunzi mazuri na kupanda tena msimu ujao. Mbegu chotara, iwe UH6303 ya Uyole au ile ya kampuni ya nje, ukiipanda tena mavuno hushuka, kwa hiyo kila mwaka unarudi dukani. Hakuna askari anayekulazimisha wala hataza unayoonyeshwa. Kufuli imo ndani ya mbegu yenyewe. Katriji ni mbegu chotara ya maabara, na tofauti ni kwamba maduka ya pembejeo ya Songea yana chotara za kampuni kadhaa na mkulima anaweza kulinganisha bei.

Sheria ya nyumbani inasemaje

Hataza ina mipaka. Iliyotolewa Marekani haina nguvu Tanzania hadi iombwe hapa, ama kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA), ama kupitia shirika la hakimiliki la kanda, ARIPO, lenye makao yake Harare. Tanzania ina Sheria ya Hataza ya mwaka 1987, Sura ya 217. Sheria hiyo haitambui ugunduzi wa kitu kilichopo kwa asili kuwa uvumbuzi, na inaziondoa njia za kutambua magonjwa katika orodha ya vitu vinavyopewa hataza. Kwa maana hiyo, walichoamua Wamarekani kati ya 2013 na 2018 kwa kesi za mamilioni ya dola, Bunge la Tanzania lilikuwa limeshakiandika tangu enzi za magari ya Leyland.

Lakini kifungu hicho hicho kina mkia. Bidhaa zinazotumika katika njia hizo za kutambua magonjwa hazikuondolewa. Daktari yuko huru kutafuta rpoB. Kichupa cha kuitafutia kinaweza kuwa na mwenyewe.

Kuna nafuu nyingine ambayo haitajwi sana. Chini ya Shirika la Biashara Duniani (WTO), nchi maskini zaidi, Tanzania ikiwamo, zimepewa hadi tarehe 1 Julai 2034 kabla ya kulazimika kutekeleza sehemu kubwa ya mkataba wa hakimiliki za biashara. Kwa dawa muda ni hadi 1 Januari 2033. Maana yake kiwanda cha vipimo kingeweza kuanzishwa nchini bila hofu kubwa ya mashtaka ya hataza. Kikwazo ni kwamba sheria kuruhusu ni jambo moja, na kuwa na watu, mitaji na soko la kutosha ni jambo jingine. Tanzania peke yake ni soko dogo kwa bidhaa kama hiyo. Mwaka 2018 Bohari ya Dawa (MSD) ilikabidhiwa jukumu la kusimamia ununuzi wa pamoja wa dawa na vifaa tiba kwa nchi za SADC. Huo ni mlango wa kuingia mezani na muuzaji mmoja ukiwa na wanunuzi wengi nyuma yako, ikiwa nchi wanachama wataamua kweli kuutumia.

Muhogo ulikopita

Njia ya pili inaonekana shambani. Wakulima wa muhogo wa mwambao wa Ziwa Nyasa wanaujua ugonjwa wa michirizi kahawia. Mtafiti Storey aliueleza kwa mara ya kwanza mwaka 1936, akiwa katika kituo cha Amani, Tanga. Ubaya wake ni kwamba shina na majani yanaweza kuonekana mazima huku mizizi imeoza ndani, na mkulima hupeleka pingili kwa jirani kwa nia njema kabisa. Macho hayatoshi, kwa hiyo pingili za mbegu hupimwa vinasaba vya virusi maabara, na kituo cha TARI Mikocheni, Dar es Salaam, kimekuwa kikifanya kazi hiyo kwa miaka mingi.

Kipimo hicho cha muhogo hutumia kanuni ile ile iliyomo ndani ya katriji ya TB, yaani PCR, njia ya kunakili kipande cha vinasaba mara mamilioni hadi kionekane. PCR nayo ilikuwa na mwenyewe. Ilibuniwa na Kary Mullis mwaka 1983 akiwa mwajiriwa wa kampuni ya Cetus ya California, na baadaye ikaboreshwa kwa kimeng'enya cha bakteria wa chemchemi za moto za Yellowstone. Mwaka 1991 Roche, ile ile ya kesi ya rpoB, ilinunua haki zake kwa dola milioni 300. Hataza za msingi ziliisha Marekani mwaka 2005. Leo maabara ya umma hununua kimeng'enya kwa muuzaji yeyote, huagiza vipande vya vinasaba vilivyoandikwa kwa ajili ya virusi vya muhogo, na kutumia mashine ya chapa inayotaka. Muuzaji mmoja akipandisha bei, mtaalamu hupiga simu kwa mwingine.

Hasara ya mfumo huo wazi ni kwamba unahitaji maabara safi, umeme usiokatika na mtaalamu aliyefunzwa. GeneXpert ilipendwa kwa sababu kazi yote hiyo imefungiwa ndani ya kichupa, na muuguzi aliyefundishwa kwa muda mfupi anaweza kuiendesha. Ikumbukwe Songea yenyewe iliunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2018 tu, laini ya Makambako ilipokamilika; kabla ya hapo mji ulitegemea sana majenereta ya dizeli. Urahisi una bei yake, na si haki kuilaumu kampuni kwa kuuza urahisi. Kinachobishaniwa ni bei hiyo iwe kiasi gani.

Mshindani na bili

Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) lilifanya hesabu na kudai kwamba, kwa idadi inayouzwa, kutengeneza katriji moja hakufikii dola 5. Kwa bei ya mahindi ya 2024 hiyo ni sawa na debe moja hivi, wakati dola 9.98 ni karibu debe mbili. Kampeni ya miaka kadhaa ya MSF na wanaharakati wa TB ilizaa matunda Septemba 2023: Danaher ilishusha bei hadi dola 7.97, ikaahidi kuuza bila faida kwa nchi maskini na kukaguliwa gharama zake kila mwaka na mtu wa nje. Kilichoshusha bei, kwa maneno mengine, ni makelele na uchunguzi wa vitabu. Mahakama haikuwa na mkono hapo.

Ushindani nao umeanza. Kampuni ya Molbio ya Goa, India, ina kipimo cha Truenat, ambacho hutumia betri na kinaweza kukaa katika kituo cha afya kisicho na umeme wa uhakika. WHO ilikiidhinisha mwaka 2020, na Tanzania na Msumbiji zilishiriki utafiti wa kukiweka katika vituo vya ngazi ya chini. Nacho kina kijitepe chake cha mwenyewe, kwa hiyo kufuli ipo, lakini kufuli mbili zinazoshindana ni nafuu kuliko moja. Na kwa wanaopenda ya nyumbani, Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, ni makao ya mradi wa APOPO, ambako panya buku hufunzwa kunusa makohozi na kuwabaini wagonjwa walioponyoka darubini. Panya huyo hana katriji. Majibu yake, hata hivyo, lazima yathibitishwe maabara, na hawezi kusema habari za usugu.

Yote haya yamekuwa ya haraka zaidi tangu Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, na Julai mwaka huo shirika la USAID, lililogharimia sehemu ya mapambano ya TB nchini, likafungwa. Kila katriji ambayo mfadhili halipii inahamia kwenye bajeti ile ile inayosubiriwa na ruzuku ya mbolea na barabara za kutolea mazao vijijini.

Punguzo la 2023 halikugusa katriji zote. Mgonjwa ambaye kipimo cha kwanza kimeonyesha usugu kwa rifampisini huhitaji cha pili, kinachoangalia kama dawa nyingine nazo zimeshindwa. Katriji ya kipimo hicho iliachwa kwa dola 14.90. Kwa mgonjwa huyo mmoja, katriji mbili ni zaidi ya Sh59,000, yaani kilo 85 za mahindi kwa bei ya NFRA, kabla dawa haijaanza kuhesabiwa.